Kabla ya Kupanda Boti ya Unguja

Neno likizo, katika nyumba nyingi za huku kwetu Mkolani, lina tafsiri moja: watoto wapelekwe kijijini kwa bibi yao, Magu au Sengerema, warudi wakati wa kufungua shule wakiwa wamenawiri na wameota ukaidi kidogo. Hatuilaumu desturi hiyo, kwani ndiyo iliyotulea. Lakini kwa miaka miwili sasa sisi wa nyumba hii tumekuwa tukiandaa safari ya namna nyingine, ya familia nzima kwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa kuwa tunatumikia kama katibu wa kamati ya msikiti, mahali ambapo siri ya mtu haikai sana, habari imeenea na maswali yamekuwa mengi. Tumeona afadhali tuyaandike hapa tuliyoyapanga, likiwamo lile moja lililotusumbua kuliko nauli.

Kur'ani Tukufu inatuita mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Watoto wetu watatu wanaijua Makka na Madina kwa masomo ya sira, na Baghdad kwa hadithi za usiku. Ukiwauliza elimu wanayoisoma madrasa ilifikaje Mwanza, watabaki wakitazamana. Masheikh waliotusomesha chuoni nao walisomeshwa na masheikh, na ukiipanda ngazi hiyo ya walimu hufiki mbali kabla ya kujikuta Ukutani, mtaa wa Mji Mkongwe alikokuwa akisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, au mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Tafsiri ya Kur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, imo katika kabati la msikiti wetu, jalada lake limekwisha kushonwa mara mbili. Mwenye tafsiri hiyo alizaliwa katika mji huo mwaka 1912. Ndio mji tunaotaka watoto wauone. Maji ya kuogelea wanayo hapa hapa. Ziwa halipo mbali na mlango wetu.

Fedha tumeziweka katika kibubu: shilingi 3,000 kila siku, siku ngumu 1,000, na siku ngumu zaidi hatukuweka kitu. Kwa hesabu ya karatasini miaka miwili ingetupa zaidi kidogo ya milioni mbili. Kilichomo ni pungufu ya hapo, nacho kinawatosha watu sita, yaani sisi wawili, watoto watatu na mama yetu mzazi, kwa sharti kwamba tusipande ndege na tusilale hoteli ya watalii. Yupo ndugu aliyetuuliza kwa upole, baada ya swala ya Alasiri, iwapo fedha hizo zisingefaa zaidi kwenye bati za madrasa. Ni swali la haki, hasa likielekezwa kwa katibu ambaye kila Ijumaa husimama kuwaomba wenzake michango. Tulimjibu kuwa mchango wa nyumba yetu umelipwa, deni la dukani limelipwa, na ada za Januari zimetengwa. Kilichobaki ni cha watu wa nyumbani, nao wana haki juu yetu. Hatudhani kwamba aliridhika moja kwa moja, ingawa ameahidi kutuchungia kuku.

Kuhusu majira tulikuwa na Juni na Desemba za kuchagua, maana ndizo likizo ndefu za shule. Juni ni mwezi wa kusi. Wenye kuijua bahari watakwambia kuwa upepo huo huichafua njia ya kati ya Dar es Salaam na Unguja hata abiria wazoefu wakatapika. Desemba mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni na kaskazi inaanza kuvuma, bahari ikawa na adabu zaidi. Tumechagua wiki ya pili ya Desemba, kabla wageni wa Krismasi na mwaka mpya hawajajaa na kupandisha bei za vyumba.

Habari ya bahari si ndogo kwa watu wa Mwanza. Mama yetu hajapanda chombo cha majini tangu tarehe 21 Mei 1996, siku ilipozama MV Bukoba ikiwa imekaribia kufika bandari yetu na mamia ya watu wakapotea. Makaburi ya Igoma yako pale kwa kila anayetaka kukumbuka. Likaja tena la MV Nyerere, karibu na Ukara, Septemba 2018. Hata Unguja wenyewe wana misiba yao, Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012. Hatukumwambia Mama kuwa hofu yake ni ya kizee, maana si ya kizee. Tulichofanya ni kumweleza kuwa boti ya siku hizi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, kwamba tutavuka asubuhi na si usiku, kwamba kila mtoto atajua jaketi la kuokolea maisha liko wapi kabla chombo hakijang'oa nanga, na kwamba tukikuta boti imejazwa kupita kiasi tutashuka na kungoja nyingine hata kama tiketi itapotea. Sharti hilo la mwisho alilitia yeye mwenyewe, akatutaka tulitamke mbele ya watoto.

Njia yenyewe ni hii. Tutapanda basi alfajiri pale stendi ya Nyegezi, ambayo kwa sisi wa Mkolani ni kama uani, tupite Shinyanga, Nzega na Singida hadi Dodoma, tulale. Kesho yake tutapanda treni ya umeme ya reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2024, ambayo hutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa muda usiofika hata mchana mmoja. Tulitaka watoto waipitie njia hiyo kwa makusudi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Tabora na pembe za ndovu ilikatiza Ugogo kuelekea Bagamoyo, na mwendo huo wa Tabora hadi pwani ulichukua yapata miezi mitatu kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa huku, waliokuwa wakilipwa ujira wao kwa nguo na shanga. Wengine katika misafara hiyo hiyo hawakuwa wakilipwa chochote. Tutalirudia jambo hilo.

Dar es Salaam tutalala usiku mmoja kwa ndugu, Temeke. Vitambulisho vya taifa vimekwisha kuwekwa katika mfuko mmoja pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana nauli ya mtoto hutolewa kwa umri na si kwa kumtazama kimo. Unguja tumepata vyumba viwili Kikwajuni, nje kidogo ya Mji Mkongwe, mahali ambapo mtu hutembea kwa miguu hadi Darajani. Mama wa watoto wetu ndiye aliyesisitiza nyumba yenye jiko, akauliza na swali ambalo sisi wanaume hatukulifikiria: wao wataswali wapi? Misikiti mingi ya kale ya Mji Mkongwe ni midogo na haikujengewa sehemu ya wanawake. Kwa hiyo mizunguko ya kila siku imepangwa ili adhana ya Adhuhuri iwakute karibu na nyumba.

Katika fiqhi ya safari tumewasomesha watoto kidogo kidogo jioni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyevuka masafa ya marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80, na safari yake si ya maasi, anaruhusiwa kuzipunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa msafiri tangu anapofika. Sisi tutaingia Jumatatu na kutoka Ijumaa, hivyo siku kamili ni tatu, na ruhusa inabaki. Ijumaa haimlazimu msafiri, lakini tungeona haya kuondoka Malindi siku ya Ijumaa bila kuswali huko, kwa hiyo tutapanda boti ya alasiri. Mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka tisa, amefurahishwa na swala fupi kiasi cha kuuliza kama Buhongwa nayo haiwezi kuwa safari.

Yapo mengi ya kuwaonyesha. Msikiti wa Mnara, Malindi, ambao mnara wake wa mviringo hauna mfano mwingi katika pwani yetu. Milango ya mbao iliyochongwa na baraza za mawe nje ya nyumba, ambako wazee bado hukaa wakaongea. Tutawataka watoto wapime kwa hatua upana wa vyumba vya kale, maana nyumba zile za mawe ya matumbawe na chokaa zilishikwa dari na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, tutalitazama kwa nje, kwani sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa. Jioni moja itakuwa ya Forodhani, ya urojo na juisi ya miwa, na ya watoto kulinganisha samaki wa baharini na sato wao, ubishi ambao tunajua mapema utaishaje. Siku moja tutapanda daladala hadi Kizimkazi, Dimbani, kuuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi katika kibla, yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Tunataka Mama aswali rakaa mbili pale, akiruhusiwa.

Lililotusumbua ni Mkunazini.

Ndipo lilipokuwa soko la watumwa hadi Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini, kwa kubanwa na Waingereza, mkataba wa kulifunga. Mwaka huo huo wamishionari Waanglikana walianza kujenga kanisa lao juu ya uwanja huo. Leo pana maonyesho ya historia, na nje pana sanamu za watu waliofungwa minyororo wakiwa wamesimama katika shimo, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Tulipoiandika Jumatano asubuhi kuwa ni ya Mkunazini, mzee wetu mmoja, ambaye ndiye aliyetufundisha alifu na be, alituita pembeni. "Mwanangu," alisema, "mnawapeleka watoto kuona utukufu wa Uislamu au kuona aibu? Pale ni kanisani. Waachieni wenyewe."

Tulimwitikia, "Tumekusikia, Sheikh," kwa kuwa si adabu kushindana na mwalimu msikitini. Hapa lakini tunaweza kuyaeleza yetu, naye hulisoma gazeti hili.

Watoto wetu wanasoma shule za serikali. Biashara ya watumwa wanafundishwa darasani, na katika mafunzo hayo neno Mwarabu na neno mfanyabiashara wa watumwa huja pamoja, na kutoka Mwarabu hadi Mwislamu ni hatua moja katika akili ya mtoto. Tukiwapitisha njia nyingine wakati wenzao wote wanajua pale pana nini, watajua kuwa tumeficha. Mtoto akimshika mzazi akificha jambo moja, huyatilia shaka na mengine tuliyomwambia kweli.

Wala ukweli wenyewe si mfupi kama unavyosimuliwa. Misafara iliongozwa na Waarabu na Waswahili; mitaji mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi; watemi wa bara waliuza mateka wa vita zao; Wafaransa walinunua watu kwa mashamba ya visiwa vyao katika Bahari ya Hindi; na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwameza wengi. Hata ile nguo nyeupe iliyolipia pembe na watu, ambayo mababu zetu waliiita merikani, jina lake linatamka ilikotoka: wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari huko Marekani, walikuwa wakitia nanga Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakirudi na pembe na sandarusi. Tippu Tip, ambaye nyumba yake iko Shangani na aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alifariki katika mji huo mwaka 1905. Haya yote tutawaambia watoto. Tutawaambia pia kwamba orodha ndefu ya washiriki haimpunguzii mshiriki yeyote mzigo wake, wala haimpunguzii aliyekuwa na jina la Kiislamu.

Na hapo ndipo elimu yetu ya chuoni inapotulazimu kusema. Mtume (SAW) amempokea Mola wake kauli kwamba mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake ni miongoni mwa watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Watu waliotekwa Manyema na kandokando ya Ziwa Nyasa walikuwa waungwana katika nyumba zao. Sharia iliyofanya kuacha mtumwa huru kuwa kafara ya dhambi na ibada ya hiari haikumpa mtu idhini ya kuvamia kijiji usiku kwa ajili ya soko. Basi aibu ya Mkunazini si ya Uislamu. Ni ya watu walioyasoma haya wakayapuuza, na baadhi yao waliswali katika misikiti ile ile tutakayowaonyesha watoto Jumanne. Ni vizuri watoto wayaone yote mawili katika mji mmoja, wakiwa nasi, kuliko kuyasikia kwa mtu mwingine.

Tumejiandaa pia kwa waongozaji. Kuna vyumba vya chini ya ardhi pale ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaosema kuwa vilijengwa baada ya soko kufungwa. Tutawaambia watoto hivyo, ila tutawaonya wasiwe kama wale wanaolishika jambo hilo dogo wakadhani wamekanusha soko zima. Soko lilikuwapo, na tarehe ya kufungwa kwake inajulikana.

Mama alikuwa akiyasikia haya yote kwa siku kadhaa bila kusema neno. Kisha asubuhi moja, akichambua dagaa uani, akatuambia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa kwa miaka yetu thelathini na zaidi. Bibi aliyemzaa bibi yake hakuwa mtu wa Tabora kama tulivyodhani. Alitoka Manyema, akiwa mtoto, katika msafara, akaachwa Tabora katika nyumba ya tajiri mmoja kwa kuwa alikuwa mgonjwa na hangefika pwani akiwa hai. Uislamu wa ukoo wetu umeanzia katika nyumba hiyo. "Jambo hilo halitajwi kwetu," Mama alisema. "Mtu akigombana nawe kisimani ndilo la kwanza kukutupia. Sasa mkiwaonyesha wajukuu zangu minyororo, wataniuliza."

Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Waliozaliwa kabla ya mwaka huo sisi tumewawahi. Utotoni tuliwaamkia shikamoo, tukawatumwa ugoro dukani. Tulikuwa tukisema karne ya 19 kana kwamba ni habari za watu wa Firauni, kumbe iko nyuma ya mama yetu vizazi vichache tu.

Tulimwambia Mama kwamba tutaifuta Jumatano, nasi tulikuwa tayari kuifuta kweli. Haki ya mzazi ni kubwa kuliko hoja zetu zote za hapo juu. Mama wa watoto ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama, hata tusipokwenda, wewe umeshatuambia." Mama aliendelea na dagaa wake. Siku mbili baadaye alitutaka tusifute. Ametoa masharti yake, nayo tumeyaandika katika karatasi ya safari: asitangulie mwongozaji, yeye ndiye atakayezungumza na watoto, tusipige picha yake pale, na Jumatano hiyo tusiende mahali pengine popote baada yake, turudi Kikwajuni tupike. Jina la yule bibi analijua yeye. Amesema atalitaja huko huko, si hapa Mkolani.

Yaliyobaki ni madogo. Daftari la michango, kitabu cha stakabadhi na funguo za kabati la msikiti tutavikabidhi kwa katibu msaidizi Ijumaa kabla ya safari, mbele ya mwenyekiti. Wasia wetu umeandikwa upya na uko kwa ndugu yule yule wa kuku. Kwa mzee wetu tutakwenda kuaga Ijumaa baada ya Magharibi, usiku mmoja kabla ya kupanda basi, na tumemwomba Mama afuatane nasi.